Damu Iliyobaki Nje ya Azimio



Wazee wa Modogashe, nawaita nyinyi kwanza, kwa sababu nyinyi mnajua kusema jambo zito mbele ya watu. Mwaka 2001, wakati malisho na visima vilikuwa vinalipiwa kwa roho za vijana wetu, jamii za wafugaji wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo zilikutana katika mji huu wa vumbi na njia panda, zikatoka na Azimio la Modogashe. Iliandikwa mtu achunge wapi na kwa ruhusa ya nani. Iliandikwa habari ya bunduki na ya mifugo iliyoibwa. Na iliandikwa habari ya damu: roho ikitoka ilipiwe, hesabu yake ijulikane, kisasi kikome. Tangu hapo jina la mji wetu linatajwa Nairobi na ng'ambo kuwa ni jina la mahali ambapo watu waliketi, wakatazamana usoni, wakaitaja damu kwa jina lake.

Leo nimewaletea damu nyingine. Hii haimwagiki mchangani watu wakaiona. Inatembea ndani ya mishipa ya mume anayerudi kutoka safari, ndani ya mke aliyemngojea, ndani ya mtoto aliye tumboni. Haina mlio wa risasi wa kutuamsha usiku. Nazungumzia Ukimwi na virusi vyake, VVU. Nimelitaja neno. Nawaomba msiikunje karatasi hii kwa haya.

Kwetu neno hili halitajwi. Twasema "ule ugonjwa". Twasema fulani ana kifua, fulani amepigwa jicho, fulani ni sukari tu. Wazee wetu, mtu akivuka Isiolo kwenda Nairobi, husema amekwenda Kenya, kana kwamba hapa tulipo ni nchi nyingine; na ugonjwa huu tumeupeleka huko huko, tukauita ugonjwa wa Kenya. Nimemsikia kwa masikio yangu mtu mzima, mwenye elimu yake, akisema kwamba sisi tumeshakingwa na tohara na swala, hayo ya kupimwa ni ya wengine.

Ndugu yangu, ni kweli hesabu zetu ziko chini. Utafiti wa taifa wa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wa Kenya, 7 hivi walikuwa na virusi. Kaskazini Mashariki alikuwa karibu mmoja. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo usiku na mchana. Lakini mwaka 2012 utafiti kama ule ulipofanywa tena, eneo letu liliachwa nje kwa sababu ya usalama. Wapimaji hawakufika. Kenya ikahesabiwa bila sisi, nasi tukaendelea kuishika hesabu ya zamani kama hirizi. Na hata huyo mmoja katika mia, ni nani? Ijumaa msikiti ukijaa, safu zikanyooka, miguu ikagusana, mhesabu watu mia kutoka kwa imamu kurudi nyuma. Mmoja wao amesimama bega kwa bega na wewe. Anasema amini pamoja na wewe. Akitoa salamu anageuza uso wake upande wako, nawe hujui kwamba ana siri inayomla kuliko virusi vyenyewe.

Itazameni barabara. Modogashe haikuwahi kuwa kisiwa. Anayetoka Isiolo kwenda Wajir anapita hapa, anayetoka Garissa kwenda juu anapita hapa, na sasa inajengwa lami ya kutoka Isiolo hadi Mandera, kilomita zaidi ya 700, inayopita mlangoni petu. Tumeiomba barabara hii miaka na miaka na tumeshukuru. Itatuletea unga, dawa, walimu na wanunuzi wa ngamia. Itatuletea pia madereva wanaolala mahali usiku mmoja, mafundi waliowaacha wake zao mbali, vijana wenye pesa mkononi kwa mara ya kwanza. Sisemi hivi ili mumnyooshee kidole mgeni. Wapo wanaume wetu, Wasomali kwa Waborana, wanaopanda malori ya mifugo kushuka nayo hadi Nairobi, wakakaa huko mwezi mzima, kisha wakarudi na zawadi za watoto na jambo lingine wasilolijua. Virusi havimuulizi mtu ukoo wake.

Na sasa nasema litakalowauma. Zinaa ni haramu, nami sitalainisha hukumu yake ili mtu afurahi. Lakini wapo wanawake wetu waliopata virusi hivi ndani ya nikaha halali, mahari yamelipwa, mashahidi wameketi, kadhi ameandika. Kosa lao lilikuwa kungoja mume. Mume akifa, desturi yetu inampa ndugu wa marehemu amrithi mjane, ili watoto wasitawanyike. Ni desturi yenye huruma ndani yake. Ila hakuna anayeuliza marehemu alikufa na nini. Mjane anaingia nyumba ya pili akiwa hajapimwa, ndani yake kuna mke mwingine ambaye naye hajapimwa, na ukoo mzima umenyamaza kulinda jina la maiti huku walio hai wanaangamia.

Nitawasimulia niliyoyaona, maana nilikuwepo.

Miaka mingi imepita. Aliletwa mtu wetu akiwa amefungwa kwa shuka nyuma ya pikapu, amekauka, macho yameingia ndani. Alikuwa dereva, mcheshi, mkono wazi. Alikuwa akisimamisha lori kuwapa maji wachungaji asiowajua. Alikaa siku tatu akafariki alfajiri. Maneno yalikuwa yameshatangulia. Nyuma ya nyumba kiliwekwa kitanda cha kamba, jerikeni mbili za maji, sanda nyeupe imekunjwa na juu yake kipande cha karafuu maiti ndani ya karatasi ya gazeti. Wanaume wanne waliitwa kuosha. Wote wanne walisimama wakiangalia viatu vyao. Mmoja akasema mgongo unamuuma. Mwingine akasema anakwenda kumwita fulani, hakurudi. Jua likapanda, nzi wakaja. Kutoka ndani tulikuwa tunamsikia mama yake. Halii, anauliza tu, kwa sauti ndogo, kila baada ya muda: wameanza?

Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanne. Nilikuwa kijana, nimehifadhi juzuu nyingi, najua masharti ya kuosha maiti kwa dalili zake, na nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Aliyekuja ni mzee mmoja mwalimu wa duksi, yaani chuo cha Qur'ani, haoni vizuri, anatembelea fimbo. Aliuliza kuna nini, hakuna aliyemjibu. Akatuma mtoto zahanati akaleta glavu. Akazivaa moja moja taratibu, akakunja kikoi chake, akapiga bismillahi, akaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Alimwosha yule mtu kama anavyooshwa mtoto mchanga, kiganja chini ya shingo. Alipomaliza mara ya kwanza alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaomba jerikeni ya pili, nami nikaipeleka. Hakunilaumu mpaka alipokufa mwenyewe. Najilaumu mimi hadi leo, na ndiyo sababu naandika.

Tulimwogopa maiti asiyeweza kutudhuru, mikono ikiwa na glavu, wakati tulikuwa tunachangia wembe na walio hai bila wasiwasi. Basi lijueni hili vizuri. Virusi hivi haviko katika sahani moja ya wali, wala kikombe cha chai, wala maziwa ya ngamia mliyokunywa kwa kupokezana. Haviko katika mkono wa salamu, katika mkeka wa swala, katika birika la udhu, wala kwa mbu. Vimo katika damu, katika majimaji ya tendo la ndoa, na katika maziwa ya mama asiye kwenye dawa. Kwa hiyo wembe unaotahiri mtoto huyu usimguse mtoto yule. Wembe wa hijama utumike mara moja ukatupwe. Na wembe wa ngariba juu ya mabinti zetu uwekwe chini kabisa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeukataza, na wanavyuoni wetu wengi wamekwisha kusema hadharani kwamba ukataji ule wa kushona hauna mahali katika dini. Binti mmoja baada ya mwingine, chuma kile kile, damu ya yule imekauka kwenye makali. Akina mama, mnajua ninachokisema kuliko mimi.

Wapo watakaonijibu kwamba kila kitu ni kadari. Nami naikubali kadari. Lakini mkumbukeni Sayyidina Umar, Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, akaambiwa kwamba tauni imeingia nchini. Hakusema twendeni tu. Aliita Muhajirina akataka shauri, wakahitilafiana. Akaita Ansari, wakahitilafiana. Akaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakamwambia awarudishe watu. Akaazimu kurudi. Abu Ubaida, mtu mwema miongoni mwa wema, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, kisha akampigia mfano ambao sisi wafugaji wa hapa Lagdera tungeuelewa hata tukiamshwa usingizini: mtu ana ngamia zake, ameshuka bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na upande mmoja ni mkavu, akichunga huku au akichunga kule, kote ni kwa kadari ya Mungu. Sasa niambieni, yupi kati yenu angewapeleka ngamia upande mkavu kwa hoja ya kadari? Angecheka mji mzima. Na tauni ile, iliyoitwa ya Amwas, ilimchukua Abu Ubaida mwenyewe katika mwaka wa 18 wa Hijra.

Upande wenye majani tunao, ndugu zangu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Zamani tulikuwa na udhuru. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na kwa miaka mingi baadaye daktari hakuwa na kitu cha kumpa mtu isipokuwa pole. Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, Novemba 1999, dawa zilikuwa za matajiri. Leo si hivyo. Tangu 2006 dawa za ARV zinatolewa bure katika hospitali za serikali. Wengi sasa wanameza kidonge kimoja kwa siku. Kimoja! Mwenye kuuliza habari ya Ramadhani, kidonge kimoja kinaingia wakati wa futari au daku, muulize mhudumu wako akupangie saa. Mchungaji anayehama na mifugo aseme kliniki kwamba anahama, anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja.

Na dawa hizi zinafanya zaidi ya kumrefushia mtu umri. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanandoa zaidi ya 1,700 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, mmoja wao ana virusi na mwenzake hana. Aliyeanza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake ilishuka kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zimethibitisha kwamba anayemeza dawa sawasawa, hadi virusi katika damu yake vikapungua kiasi cha kutoonekana katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito mwenye virusi asipotibiwa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa unaweza kufika asilimia 45. Akitibiwa vizuri unashuka chini ya 5. Mama anazaa mtoto mzima, anamnyonyesha, anamkuza. Kabla virusi havijashuka, mume na mke waulize wahudumu namna ya kujikinga, mpira ukiwemo; kumkinga mkeo asidhurike hakuna haya ndani yake.

Mkimsikia mtu anauza maji, mizizi au asali ya kuondoa virusi, jueni anakula roho zenu. Mwaka 2011 maelfu ya watu, na Wakenya wengi miongoni mwao, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, Tanzania, wakanywe kikombe cha mchungaji mmoja mzee wa kanisa kwa shilingi 500 za huko. Wapo waliorudi wakatupa vidonge vyao. Msomee mgonjwa Qur'ani, muombee dua, mpe habbat sauda akipenda, na kidonge chake asikiache.

Mwanamke mmoja namjua, jina lake sitalitaja hapa wala popote. Alipanda basi la Garissa akakaa kiti cha mbele yangu, ameshika kopo la chai kifuani njia nzima. Basi lilipotikisika niliisikia sauti ndani ya kopo, kama changarawe. Vilikuwa vidonge. Amevitoa kwenye chupa yake ya plastiki, amevizungushia kitambaa, amefunika kwa majani ya chai, ili wakwe wasijue. Anakwenda kuchukua dawa mbali, mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wake, kwa sababu kituo kimoja alichokwenda mwanzo habari zake zilifika sokoni kabla yake. Nauli anaipata kwa kuuza maziwa. Msimu wa kiangazi ngamia hawana maziwa, na asipopata nauli hamezi dawa. Sasa mwambieni huyu kwamba dawa ni bure.

Sisi ndio tumemwekea nauli hiyo. Ulimi wetu. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inakataza kutangaza majibu ya mtu bila ridhaa yake, inakataza kumbagua kazini, shuleni na hospitalini. Inakataza pia kumlazimisha mtu kupimwa ndipo aolewe. Kwa hiyo msinielewe vibaya ninapowaomba wazazi wa bwana harusi na bibi harusi wawahimize watoto wao wapimwe kabla ya nikaha: nawaomba wahimizwe, waende wawili kwa hiari, na majibu yabaki yao. Na wewe mhudumu wa afya unayeishi nasi, uliye mtoto wa mji huu, siri ya mgonjwa ni amana. Utaulizwa habari yake siku ambayo hutakuwa na pa kujificha.

Si sisi wa kwanza kuyasema haya msikitini. Kwa jirani zetu Uganda, Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ilianza mapema miaka ya 1990 kuwafunza maimamu wa Mpigi na Iganga, na kila imamu akawa na wasaidizi wa kupita nyumba kwa nyumba, wanawake wakiongea na wanawake. Kazi ile iliandikwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1998 ikatolewa kuwa mfano kwa wengine. Misikiti ile haikuvunjika. Watu hawakuacha kuswali kwa sababu imamu aliitaja damu. Nasi tuna minara, tuna duksi, tuna vikao vya wazee vyenye nguvu kuliko ofisi yoyote. Na tusingoje wafadhili: mwaka 2025 tuliona jinsi Marekani ilivyokata misaada yake, na kliniki nyingi nchini zikayumba ndani ya wiki chache tu.

Mimi nimepimwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, muuguzi akanipangusa kidole kwa pamba baridi, akachoma, maumivu ya mwiba. Tone moja likapanda kwenye kipande chembamba cha karatasi. Tukangoja dakika chache ambazo mtu huhesabu maisha yake yote. Aliniambia kwamba mstari mmoja ni hakuna, na ikitokea ni miwili hawakuambii una virusi mpaka warudie kwa vipimo vingine. Nilifikiri juu ya yule dereva. Nilifikiri kwamba laiti angekalia kiti kama kile miaka miwili mapema, na dawa zikiwepo, angekuwa sasa mzee mwenye wajukuu, anatusimulia habari za barabara.

Wazee, wengi wenu hamkupelekwa shule. Likija jambo la kuandikiwa, mnachovya kidole gumba kwenye wino mnakigandamiza kwenye karatasi, na neno lenu likishapita hapo halirudi. Nakiomba kidole hicho. Ijumaa ijayo baada ya swala, chini ya mgunga ulio nyuma ya msikiti, nitapimwa tena mimi wa kwanza, mbele yenu, ili kijana aliye nyuma ya safu aone. Anayetaka faragha, hema litakuwepo upande wa pili na hakuna atakayemuuliza alikwenda kufanya nini. Akina mama watakuwa na muuguzi wao, mwanamke. Nimeshaomba vipimo vya kutosha mji. Mkeka nitauleta mimi, na maji ya kunywa yatakuwepo kwa watakaongoja.